Bakora Mlangoni pa Bwana

Watoto wanaosoma vihadithi vyangu huniletea malalamiko, na mimi huyapenda malalamiko ya watoto kwa sababu hayana unafiki. Wanasema majini wangu hawapendezi. Hawana mbawa, hawatoi moto puani, hawaruki juu ya mapaa ya watu. Majini wangu wanatwanga, wanachota maji, wanafagia, na mikono yao ina sugu. Mtoto mmoja aliniambia usoni, "Bibi, hawa si majini, hawa ni watumishi." Nilimpa kipande cha muwa, maana alikuwa amesoma vizuri.

Majini hao niliwajua kabla sijajua herufi hata moja. Niliwakuta jikoni, Ifakara, enzi za Wajerumani, katika nyumba ya tajiri mmoja aliyetoka pwani kuja kununua mpira, pembe na mchele wa bonde. Mama yangu alikuwa kijakazi wake. Mama alikuwa Mndamba wa mtoni. Alinyakuliwa na watekaji akiwa mtoto, akapita mikononi mwa watu hawa na wale, mpaka akaishia kwenye kinu cha nyumba ile. Mimi nilizaliwa humo humo, kwa hiyo nilikuwa mali ya nyumba sawasawa na kinu chenyewe. Siku hizi wako watu wanaosema kwamba watumwa wa nyumbani walikuwa ndugu tu, walikula na kulala kama wengine. Wanaosema hivyo hawakuwahi kutwanga.

Mwenye nyumba tulimwita Bwana, mkewe tulimwita Bi Mkubwa. Walikuwa na binti mmoja, nami nilimwita Bi Mdogo ingawa tuling'oka meno msimu mmoja. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, naye akiwa na pengo mdomoni aliitikia marahaba. Jikoni alikuwapo mpishi mzee tuliyemwita Bibi. Huyu alitoka pwani pamoja na Bi Mkubwa, alitolewa siku ya harusi pamoja na masinia, mito na birika la shaba. Birika lilikuwa limetoboka zamani. Bibi alikuwa bado anapika.

Nyumba ile ilikuwa na taratibu zake, na mbili kati ya hizo lazima nizieleze. Ya kwanza ni ya bakora. Bwana hakutoka hata kwenda barazani bila bakora yake, fimbo nyeusi inayong'aa ambayo sote tuliamini ni ya mpingo. Akiwa ndani aliisimamisha ukumbini, kando ya mlango wa chumba chake, na kofia yake juu ya mpini. Ukiiona pale, ujue Bwana yumo: punguza sauti, zidisha kazi. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Kazi yangu ilikuwa kufagia ukumbi, na nilifundishwa kufagia kuizunguka.

Ya pili ni ya kinu. Mama na Bibi walitwanga pamoja kwenye kinu kimoja, kwa kupokezana, mchi mmoja ukipanda na mwingine ukishuka. Bi Mkubwa hakuwa na haja ya kuja uani kuwasimamia. Alijilaza chumbani kwake akasikiliza. Maadamu aliisikia michi miwili, alikuwa radhi. Mmoja ukinyamaza, hata kwa mtu kufuta jasho, tulisikia sauti yake dirishani: "Amekufa nani huko?"

Hadithi zilikuja wakati wa kupepeta, kwa kuwa ungo hauna kelele. Bibi hakumtaja nabii yule kwa jina. Alisema jina la nabii si la kutajwa mbele ya masufuria yenye masizi, akamwita Mwenye Pete. Mwenyezi Mungu alimpa Mwenye Pete amri juu ya upepo, juu ya ndege na juu ya majini. Majini walimzamia lulu, walimchongea masinia mapana na vyungu vizito visivyohamishika, walimjengea majumba. Hawakuthubutu kupumzika, maana kila walipoinua macho walimwona amesimama, ameegemea fimbo yake, anawatazama. Kumbe alikuwa amekwisha kufa. Alikufa wima, na fimbo ikamzuia asianguke. Majini waliendelea na kazi, msimu ukaingia na mwingine ukatoka, wakimtumikia maiti. Hata mchwa alipoila ile fimbo kutoka chini, ikavunjika, mwili ukaanguka. Hapo majini wakalia kwamba laiti wangelijua yaliyofichika, wasingelikaa katika mateso yale ya fedheha.

Bi Mdogo alikuwa akija jikoni kusikiliza, amekaa kwenye kigoda, sisi tuko chini. Alimlilia mfalme. "Maskini, amesimama peke yake siku zote hizo, hakuna hata wa kumkalisha!" Mimi nilikasirika kwa upande mwingine. Niliuliza inakuwaje majini wote hao, wenye nguvu za kung'oa milima, asipatikane hata mmoja wa kwenda kumgusa. Bibi alicheka. Mama hakucheka.

"Na baada ya hapo walikwenda wapi?" Mama aliuliza.

"Nani?"

"Hao majini. Walipofunguliwa, walikwenda wapi?"

"Hadithi haisemi," Bibi alijibu, akarudisha macho kwenye ungo.

Hadithi hiyo ikawa mchezo wetu. Bi Mdogo alisuka pete ya ukindu akawa Mwenye Pete, na mimi nikawa majini wote. Nilimjengea majumba ya udongo, nilimzamia lulu kwenye mtungi, nilimletea upepo kwa kumpepea. Siku moja nilimwomba tubadilishane. Hakukataa kwa ukali. Alifikiri kwa dhati kabisa, kisha akasema, "Lakini wewe kazi unazijua. Mimi sijui hata moja." Alisema kweli, na iliniuma kuliko kama angenitukana.

Mwaka huo huo Bi Mdogo alichumbiwa na mfanyabiashara wa Kilosa. Ni yeye mwenyewe aliyeniletea habari, anarukaruka. "Tunakwenda wote! Baba amekutoa uwe wangu!" Alinikumbatia. Nami nilifurahi, Mungu anisamehe, kwa muda wa kukimbia kutoka ukumbini hadi kinuni. Nilipomwambia Mama, mchi wake ulikosa zamu ukagongana na mchi wa Bibi. Sikuwahi kuusikia mgongano huo kabla ya siku ile. Dirishani Bi Mkubwa akauliza amekufa nani.

Mama alikwenda kumwangukia Bwana. Alipiga magoti barazani, akaomba niachwe, au basi naye apelekwe Kilosa, atatwanga hata huko. Bwana hakumfokea. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwa upole kwamba yeye bado ana nguvu, atapata watoto wengine. Halafu akamkumbusha habari za mtumwa wa jirani aliyetoroka mwaka uliotangulia, jinsi alivyorudishwa na kamba shingoni na mtoto wake akapelekwa mrima, mbali huko pwani, asikojulikana. Upole ule ninauogopa mpaka leo. Mtu akinifokea najua nimjibu nini.

Kisha likaja neno la maji. Lilifika kwa minong'ono, kutoka kwa watu waliochoka kulimishwa pamba ya boma kwa viboko. Walisema iko dawa, ukinyunyiziwa, risasi za Wajerumani zinageuka maji. Baada ya muda mfupi haikuwa minong'ono tena. Wanaume walipita njia kuu wamejifunga majani ya mtama vichwani, wanakwenda kulipiga boma la Mahenge, na ikasikika kwamba watu wa pwani wenye kanzu nao wamehesabiwa upande wa Mjerumani. Wapagazi wa Bwana, ambao walikuwa watu huru, walitawanyika. Tukabaki wanawake.

Asubuhi moja Bwana hakutokea barazani. Bakora ilikuwa mlangoni, na kofia juu yake. Bi Mkubwa alituita ukumbini akatuambia kwa sauti ya chini kwamba Bwana ameshikwa na homa, mwanga unamuumiza, mtu asiingie. Kazi ni moja tu, kutwanga mpunga wote uliomo ghalani. Njia ya Kilosa ikitulia kidogo, atampeleka binti kwa mumewe, na mimi pamoja naye. Ndani ya chumba kile kikasikika kikohozi cha Bwana, kizito, cha kukatakata. Basi Mama akarudi kwenye kinu. Alikuwa anatwanga masurufu ya safari yangu, na alilijua hilo kila alipouinua mchi.

Mwezi uliandama, ukapevuka, ukafa. Bi Mkubwa aliingiza sinia la chakula chumbani asubuhi na jioni, sinia likatoka tupu. Aliingia yeye na binti yake tu. Bi Mdogo aliacha kucheza nami. Nilidhani ameanza kujiona bibi harusi.

Mama alikuwa na kaka yake, mvuvi wa mtoni. Alikuwa akileta samaki wakavu kwa Bwana, na huko ndiko walikotambuana, kwa kovu la utotoni alilokuwa nalo Mama kidevuni. Siku moja alikuja nyuma ya ua bila samaki. Mimi nilikuwa nimekaa hapo, naokota chenga za mchele.

"Dada, askari wanakuja," alisema. "Wanachoma kila wanapopita, ghala na nyumba. Mtumbwi wangu uko kivukoni. Kesho nitakungoja mpaka jua lifike utosini, zaidi ya hapo siwezi."

"Bwana yumo ndani," Mama alisema.

"Umemwona?"

"Nimeiona bakora yake. Namsikia anakohoa."

Mjomba akasema, "Sisi tumekwenda kukabili bunduki, na wewe bado unaogopa fimbo." Alikuwa anamtania, nadhani, maana watu wa mtoni hutaniana hata kwenye msiba. Lakini Mama alilia.

"Akinishika atamtupa mbali huyu," alisema, akanionyesha mimi. "Kilosa naweza kuota kwamba nitafika. Mrima siwezi hata kuota."

Asubuhi iliyofuata aliamka akachukua mchi, akaanza kutwanga. Nilielewa kwamba hatuendi. Nilimchukia Mama asubuhi ile, chuki safi ya mtoto, nikachukua ufagio nikaenda ukumbini nikafagia kwa hasira mpaka vumbi likanipofusha. Lilipotulia, nikaona mstari wa udongo mbichi umepanda kwenye bakora, mwembamba, kutoka sakafuni mpaka karibu na mpini.

Mtu wa bonde letu haachi mti usimame juu ya udongo. Huweka jiwe chini yake, au huuhamisha kila siku, hata mtoto anajua. Bi Mkubwa alikulia kwenye sakafu ya chokaa. Na sisi tuliojua tulikuwa tumekatazwa kuigusa. Ajabu nyingine ni kwamba mchwa hauwezi mpingo. Nilipochuchumaa kuangalia, rangi nyeusi ilikuwa imebanduka na ndani kulikuwa na mti mweupe, mti wa hivi hivi, uliopakwa masizi na mafuta ukang'arishwa. Miaka yote ile tulitetemeka mbele ya masizi.

Niliweka kidole. Kilizama. Bakora ilikatika chini kidogo ya katikati ikaanguka, kofia ikaviringika, na mlango iliougonga ukajifungua kiasi cha kiganja. Nilisimama wima nikingoja sauti ya Bwana. Nilijua nimekwisha. Ndani kulikuwa kimya.

Bi Mdogo alitokea upande wa uani, mkononi ana kipande cha mkate wa mofa. Aliona bakora, akaniona mimi. Mdomo wake ukafunguka, na bila shaka hakukusudia, ilikuwa mazoea na hofu, akakohoa. Kikohozi kizito, cha kukatakata. Kikohozi cha Bwana kilitoka kwenye kile kifua chembamba, mbele ya macho yangu.

Tulitazamana. Ningependa kusema nilicheka, maana ukiifikiria inachekesha.

"Baba yuko Mahenge, bomani," alisema hatimaye. "Alikwenda siku ile ile mliyoambiwa ana homa."

"Na chakula?"

"Nilikula mimi. Mama alikuwa hawezi kula." Machozi yalianza kumtoka. "Alisema mkijua, mtaondoka wote, na watu wa maji watatukuta peke yetu."

Niliusukuma mlango. Kitanda cha Bwana kilikuwa kitupu, mkeka umekunjwa na kusimamishwa ukutani. Niligeuka nikamkuta Bi Mdogo amepiga magoti, anajaribu kukiunganisha kile kipande cha juu na cha chini. Unga wa mti ulikuwa unamwagika kwenye vidole vyake.

"Usiniache," alisema. Hakuniamuru. Katika maisha yetu yote ilikuwa mara ya kwanza kuniomba kitu.

Nilimpenda yule mtoto. Nataka hili lisomwe kama nilivyoliandika. Nilimpenda, nikamwacha pale ameshika vile vipande kwa mikono miwili, ameviegemeza ukutani visianguke tena.

Kinuni nilichuchumaa karibu na Mama nikajifanya naokota chenga. Nikamwambia yote kwa kunong'ona. Mama hakuacha kutwanga, wala Bibi hakuacha. Mchi wa Mama ulipanda na kushuka kwa zamu yake, huku uso wake ukibadilika.

"Umekiona kitanda?"

"Kitupu. Mkeka umekunjwa."

Alitazama jua. Lilikuwa limekwisha panda sana. "Bibi," alisema, "twende."

Bibi alitikisa kichwa. "Niende wapi, mwanangu? Wewe una mto. Una kaka mtoni. Mimi walinichukua kabla sijajua kwetu kunaitwaje."

"Utakaa na sisi. Utakuwa mama yangu."

"Kwa miguu hii mpaka kivukoni? Mtumbwi utaondoka mnanisubiri njiani." Hapo akasogeza mkono wake wa kushoto, mchi wa Mama ulipopanda akaudaka hewani, nao wakawa wameushika wote wawili. "Huu ukinyamaza atatoka. Akitoka atapiga yowe, na njia imejaa watu. Niachie. Mchukue mtoto."

Mama aliachia. Bibi akaanza kutwanga kwa mikono yote miwili, mchi mmoja mkono huu na mwingine mkono ule, kwa kupokezana, vile vile walivyozoea. Mikono yake ilikuwa miembamba na mishipa ilimsimama shingoni. Alikuwa anatutazama anatabasamu na jasho linamwingia machoni, na hakuwa na mkono wa kulifuta. Mama alipiga goti akamwambia shikamoo. Bibi alisema marahaba bila kupoteza zamu.

Tulipita kwenye upenyo wa ua, tukashika njia ya mashamba kuelekea kivukoni. Nyuma yetu michi miwili ilisikika sawasawa. Mama alinishika mkono akanikataza kukimbia, kwa kuwa anayekimbia huulizwa. Kwenye majaruba yaliyovunwa tulikuwa bado tunaisikia miwili. Karibu na matete Mama alisimama. Sauti ilikuwa ya mchi mmoja. Akageuka nusu, kama mtu anayetaka kurudi, midomo yake inahesabu zamu inayokosekana. Halafu ule wa pili ukarudi, umechelewa, dhaifu. Mama akaniambia, "Sasa kimbia."

Mjomba alikuwapo. Tulivuka, tukajificha kwenye visiwa vya matete, na kutoka huko tuliona moshi wa Ifakara. Dawa ya maji haikufaa kitu, wote wanajua, na waliorudi walikuwa wachache. Kisha ikaja njaa, tukala mizizi ya matete na mayungiyungi, na Mjomba akafa katika njaa hiyo. Bi Mkubwa na binti yake, niliambiwa, walichukuliwa na askari wakiwa hai. Kuhusu mpishi mzee niliuliza kila mtu niliyeweza kumuuliza, na hakuna aliyekuwa na neno, hata la uongo. Watu wa mji ule walikuwa wakihesabu waliokufa na waliopona, na yeye hakuwa kwenye hesabu yoyote. Tuliporudi kutazama, nyumba ilikuwa kuta tu. Kinu kilikuwapo, kimeungua upande mmoja. Michi hatukuiona.

Katika vihadithi vyangu majini wakifunguliwa huwa wanakwenda mahali. Nimewapa mito, nimewapa majaruba, mmoja nilimpa hata shule. Jini mzee wa jikoni nimempitisha njia ya matete na kumfikisha kivukoni, akaukuta mtumbwi bado unamngoja. Watoto huipenda sehemu hiyo. Mimi huandika haraka nikaifunga.

Mama aliishi miaka mingi baadaye, alilima mpunga wake na kuutwanga mwenyewe. Hakukubali kupokezana na mtu. Wanawake wa jirani walimwona mchoyo, au mwenye maringo, hata wakamtungia masimango. Ikitokea mgeni asiyejua akachukua mchi wa pili akaanza kumsaidia, Mama alisimamisha wake, akageuka kuelekea mjini, akasikiliza. Ilibidi mimi nimwendee yule mgeni na kumwomba aache.